Upekuzi wa wakili unaishia kwenye uzio wako

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi na mume wangu tuko Uingereza, mji mmoja wa katikati ya nchi, na baada ya kujibana kwa miaka tumekubaliwa bei ya nyumba yetu ya kwanza. Ni nyumba pacha, ya mwisho kwenye mtaa mdogo. Barabara inaishia kwenye geti la chuma, na ng'ambo ya geti ni shamba la majani lenye farasi wawili. Kusema kweli shamba hilo ndilo lililotushawishi. Dalali anasema hapo hakujengwi kitu. Wakili naye anasema ameshaagiza upekuzi wa halmashauri, tusubiri tu. Je, upekuzi huo unatosha? Na nikitaka kujua mwenyewe kinachopangwa kuzunguka hapo, na hali ya eneo kwa jumla, nianzie wapi?

JIBU: Dada yangu, hongereni. Swali lako la kwanza nalijibu moja kwa moja: hautoshi. Wala wakili wako si mzembe. Upekuzi anaoagiza una fomu mbili, LLC1 na CON29. Ya kwanza inaorodhesha vifungo vilivyosajiliwa juu ya nyumba: kama imo ndani ya eneo la hifadhi ya majengo, kama kuna mti uliowekewa amri ya ulinzi, kama kuna sharti au deni la halmashauri. Ya pili inauliza habari za nyumba hiyohiyo: vibali ilivyopewa au kunyimwa, na kama barabara iliyo mbele yake inatunzwa na umma. Kwa majirani inachungulia kidogo sana, hasa miradi ya barabara na reli ndani ya mita 200. Basi. Kama mwenye shamba la farasi aliomba wiki iliyopita kujenga nyumba 90, CON29 yako itarudi haina doa. Hakuna atakayekuwa amekudanganya, kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Mimi somo hili nililipia ada. Nyumba yangu ya kwanza huku nilijiona mjanja. Nikafungua daftari la maombi kwenye tovuti ya halmashauri, nikaandika namba ya nyumba na jina la mtaa, likaja ombi moja la zamani la kibanda cha vioo uani. Nikafunga kompyuta, nikalala usingizi mnono. Miezi minne baada ya kuhamia, Jumatatu asubuhi, nikaamshwa na msumeno wa mashine. Miti iliyokuwa nyuma ya bustani yangu ilikuwa inaanguka mmoja mmoja, na mahali pake zikapanda fleti za ghorofa tatu zenye madirisha yanayotazama meza yangu ya jikoni. Ombi lilikuwamo daftarini muda wote. Liliandikwa "ardhi nyuma ya namba 14 hadi 22", kwa jina la mtaa wa pili. Nilikuwa nimeitafuta nyumba yangu, wakati shida ilikuwa kwa jirani.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: usitafute kwa anwani, tafuta kwa ramani. Kila halmashauri inalazimika kisheria kuweka daftari la maombi ya kibali cha mipango, wazi kwa yeyote, bila malipo na bila kueleza wewe ni nani. Ingia sehemu ya mipango kwenye tovuti yao, fungua utafutaji wa ramani, sogeza mpaka uone geti lako, kisha bofya kila umbo lililochorwa juu ya shamba hilo na mashamba yanayopakana nalo. Kama halmashauri yako haina ramani nzuri (zipo zinazotia aibu), andika jina la mtaa peke yake bila namba, halafu mitaa yote inayozunguka, halafu jina la shamba lenyewe. Jina la shamba utalipata kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani. Na kwa kuwa daftari ni la Kiingereza, jaribu pia neno "land" likifuatwa na jina la mtaa. Kiwanja kisicho na namba ya nyumba kwa kawaida huandikwa hivyo. Usitegemee msimbo wa posta. Shamba la farasi halipelekewi barua, kwa hiyo mara nyingi halina.

Hakikisha pia unapekua daftari sahihi. Sehemu nyingi za England bado zina ngazi mbili: halmashauri ya wilaya inashughulikia nyumba, maduka na viwanda, na ile ya kaunti inashughulikia machimbo ya kokoto, majalala, shule zake na barabara. Mtu anaweza kupekua wilaya mpaka macho yakauma asijue kwamba kilomita moja kutoka hapo kaunti imeruhusu shimo la mchanga litakalopitisha malori kwa miaka. Ndani ya hifadhi za taifa mamlaka ya mipango ni ya hifadhi yenyewe. (Haya yote ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana sheria zao.)

Utakachokiona kwanza ni namba. Tuseme umekuta 24/01873/OUT. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, za katikati ni zamu ya ombi, na herufi za mwisho ndizo zenye utamu. OUT ni ombi la awali: mwombaji anataka ikubaliwe tu kwamba nyumba zinaweza kujengwa pale, na pengine njia ya kuingilia, huku sura ya nyumba ikiachwa kwa baadaye. Hayo ya baadaye yakija huitwa RES au REM. FUL ni ombi kamili, HOU au HH ni mtu anayepanua nyumba yake, TPO ni miti. Herufi hizi zinatofautiana kidogo toka halmashauri moja hadi nyingine, ila ukishaona kumi za hapo kwenu utazijua zote. Mtu mgeni akiona OUT iliyopitishwa miaka miwili nyuma, na uwanja bado una farasi, hudhani mradi umekufa. Haujafa. Kwa kawaida ombi la awali humpa mwombaji miaka 3 ya kuleta michoro, kisha miaka 2 ya kuanza baada ya mchoro wa mwisho kukubaliwa. Kibali kamili kwa kawaida hudumu miaka 3. Na "kuanza" si lazima zionekane kuta: mtaro wa msingi uliochimbwa unaweza kutosha kisheria, na kibali kikishaanzwa hivyo hakifi tena kwa kupitwa na muda. Nimewahi kumwonyesha mtu mtaro mmoja uliojaa magugu na maji ya mvua, yeye akiuona shimo tu, kumbe ulikuwa unashikilia kibali cha nyumba nzima.

Faili lenyewe lina nyaraka nyingi mno. Mradi wa kati tu unaweza kuwa na hamsini, na huna haja ya kuzisoma zote. Anza na ripoti ya ofisa mipango kama uamuzi umeshatoka. Hii ndiyo karatasi bora kuliko zote na watu wengi hawajui kuwa ipo. Humo ofisa anaeleza eneo lilivyo, historia ya maombi yaliyotangulia, wahandisi wa barabara walisema nini, mamlaka ya mafuriko walisema nini, majirani walilalamikia nini, na yeye amepima vipi. Kwa kurasa kumi unapata ujuzi wa mtaa ambao aliyekaa pale miaka ishirini huenda hana. Ukimaliza, fungua ramani ya eneo. Mstari mwekundu unazunguka ardhi inayoombewa. Mstari wa bluu unazunguka ardhi nyingine ya mwombaji huyohuyo iliyo jirani. Huo wa bluu utazame kwa makini. Nyumba 40 zikiombwa kwenye kona ya shamba lililozungushiwa bluu lote, hiyo mara nyingi ni awamu ya kwanza hata kama hakuna aliyetamka neno awamu.

Lililokataliwa lisikutulize haraka. Soma sababu. Kama halmashauri imesema mahali pale hapafai kabisa, kwa mfano ni mashambani nje ya mpaka wa makazi, una ahueni ya kiasi. Lakini kama sababu ni kwamba maegesho hayatoshi, au nyumba ya saba inachungulia chumba cha jirani, basi karatasi ya kukataa ni orodha ya marekebisho. Atarudi. Anaweza pia kukata rufaa kwa Wakaguzi wa Mipango wa serikali ndani ya miezi 6 kwa maombi ya kawaida, na mkaguzi anaweza kutengua uamuzi wa halmashauri. Jirani hana rufaa ya namna hiyo; akitaka kupinga kibali kilichotolewa inambidi aende mahakamani ndani ya wiki 6, tena kwa hoja ya kisheria, si kwa kuwa hakipendi. Ombi lililoondolewa na mwombaji mwenyewe nalo lichukulie vivyo hivyo. Mara nyingi ofisa alimnong'oneza kwamba litaanguka, akaenda kulishona upya.

Sasa tuseme umepekua yote na shamba halina ombi hata moja. Dalali atafurahi. Mimi ningekuwa ndiyo kwanza nakaza mkanda, kwa sababu daftari la maombi linaonyesha kilichokwisha kupikwa. Kilicho bado jikoni kiko kwengine. Kila halmashauri ina Local Plan, tuite mpango kabambe, unaopanga miaka 15 au zaidi na una ramani yake ya sera. Itafute ramani hiyo, tazama shamba lina rangi gani. Kama limetengwa kwa makazi litakuwa na alama, namba na idadi ya nyumba zinazotarajiwa.

Nyuma ya mpango huo kuna waraka mwingine ambao naupenda zaidi, unaofupishwa HELAA au SHLAA. Kabla ya kuandika mpango, halmashauri hutoa wito kwa wenye ardhi: nani ana kiwanja anachotaka kijengwe? Wenye mashamba, makampuni ya ujenzi na madalali wao hujaza fomu. Halmashauri hukusanya yote, hukipa kila kiwanja namba, hukadiria kitabeba nyumba ngapi, na kusema kinafaa au hakifai na lini. Waraka huu hautoi kibali chochote, ila unakujibu swali moja ambalo dalali hawezi kukujibu: mwenye shamba anataka kuuza? Kama shamba la ng'ambo ya geti lako lina namba kwenye HELAA, huyo mtu amekwisha kuinua mkono. Inaweza kuchukua miaka kumi, inaweza kuchukua miwili.

Dalili ya tatu ni ya wajuzi. Mradi wa makazi wa zaidi ya nyumba 150, au wenye eneo linalozidi hekta 5, mara nyingi huanza kwa mwendelezaji kuiuliza halmashauri kama atahitaji tathmini ya athari za mazingira. Ombi hilo nalo linawekwa hadharani, mara nyingi likiwa na herufi SCR au EIA, na linaweza kutangulia ombi lenyewe kwa miezi. Watu hulipita wakidhani ni habari za vyura na popo. Lifungue: ndani utakuta ramani na idadi ya nyumba.

Neno moja juu ya "Green Belt". Madalali hulitumia kwa kila penye majani. Green Belt ni ukanda uliochorwa kisheria kuzunguka miji fulani ili isitambae, na miji mingi haina kabisa. Shamba lako linaweza kuwa la kijani kibichi lisiwe Green Belt hata sentimita. Hata likiwa, kanuni za kitaifa za Desemba 2024 zimeleta kile kinachoitwa ukanda wa kijivu, vipande vya Green Belt vinavyohesabiwa kuwa na thamani ndogo, ambavyo ni rahisi zaidi kuruhusiwa ujenzi. Kanuni hizohizo zilirudisha malengo ya lazima ya idadi ya nyumba kwa kila halmashauri. Halmashauri isiyoweza kuonyesha viwanja vya kutosha miaka 5 mbele, mizani inainamia upande wa mwombaji, na mashamba ambayo hayamo kwenye mpango wowote huanza kupata vibali, mara nyingi kwa rufaa. Kwa hiyo jua halmashauri yako imesimama wapi kwenye hiyo miaka 5. Ripoti za maofisa hulitaja karibu kila wakati, nusu ya chini ya ukurasa, kwa lugha kavu. Tafuta tarakimu kama miaka 3.1 au 4.2. Ikiwa chini ya 5, farasi wako wana wasiwasi.

Ukikuta ombi ambalo halijaamuliwa, unaweza kutoa maoni hata kabla hujanunua. Muda wa maoni ni siku 21 tangu tangazo, ingawa maofisa wengi hupokea mpaka siku ya uamuzi. Ombi dogo linapaswa kuamuliwa ndani ya wiki 8, na kubwa, yaani nyumba 10 na kuendelea, wiki 13. Kiuhalisia kubwa huongezewa muda tena na tena. Andika mambo ambayo sheria inayapima: kuchunguliwa, kufunikwa na kivuli, usalama wa barabara, kelele, mafuriko, wanyama waliolindwa. Usiandike kwamba nyumba yako itashuka bei au kwamba utakosa mandhari. Najua hayo mawili ndiyo yanayokuuma, lakini hayahesabiwi, na barua iliyojaa hayo inasomwa harakaharaka. Kumbuka jina lako na anwani kwa kawaida vitaonekana mtandaoni, kwa hiyo andika kama mtu atakayekutana na huyo mwenye shamba dukani.

Nyumba yenyewe pia ipekue, maana CON29 inakupa orodha tu. Linganisha kinachoonekana na kilichoandikwa. Nyumba pacha ina haki ya kujengewa chumba cha nyuma cha ghorofa moja hadi mita 3 bila kibali, hadi mita 6 kwa utaratibu wa kuwajulisha majirani, na dari yake inaweza kuongezwa hadi mita 50 za ujazo, ilimradi masharti mengine yametimizwa na haki hizo hazijaondolewa. Chukua utepe siku ya kwenda kuiona. Ukipima mita 4.5 na daftarini hamna kitu, muulize muuzaji kabla wakili hajauliza. Kosa la namna hiyo halmashauri ilikuwa na miaka 4 ya kulifuatilia. Tangu tarehe 25 Aprili 2024 ni miaka 10, isipokuwa lililokamilika kabla ya siku hiyo. Usichanganye pia kibali cha mipango na cheti cha ukaguzi wa ujenzi. Sisi tumezoea kusema kibali cha ujenzi tukimaanisha vyote. Huku ni ofisi mbili na karatasi mbili: moja inasema unaruhusiwa kujenga, nyingine inasema ulichojenga hakitamwangukia mtoto. Taka zote mbili. Na kama mtaa ni mpya kiasi, soma masharti ya kibali cha awali cha mtaa mzima. Si ajabu kukuta haki za kupanua ziliondolewa siku ileile, au gereji lazima ibaki ya gari. Ndoto ya kuigeuza chumba cha mama akija kuwatembelea itahitaji ombi lake.

Kuhusu eneo kwa jumla nitapita haraka, ila mafuriko sitayaruka, kwa kuwa hapo watu hudanganywa na ramani sahihi. Ramani ya mipango ya Wakala wa Mazingira inagawa nchi kwa kanda. Ukanda wa 1 ni chini ya uwezekano wa 1 kwa 1,000 kila mwaka. Wa 3, kwa mito, ni 1 kwa 100 au zaidi. Mtu anaona ukanda wa 1, anashusha pumzi. Lakini kanda hizo zinahesabu mto na bahari. Maji ya mvua yanayoteremka kutoka shambani yakakosa mfereji hayamo, na nyumba ya mwisho chini ya mteremko hujaa maji hata kama mto uko kilomita tano. Serikali ina huduma ya pili, ya hatari ya mafuriko ya muda mrefu, unaandika anwani na inakupa mto na bahari kwa pamoja, na maji ya juu ya ardhi peke yake. Tumia hiyo. Kisha simama getini siku ya mvua utazame maji yanakwenda wapi. Kama nyumba ilijengwa tangu mwaka 2009 zingatia zaidi, kwa sababu mpango wa Flood Re unaoshusha bima kwenye maeneo ya hatari unagusa tu nyumba zilizojengwa kabla ya Januari 1, 2009.

Ramani ya uhalifu ya polisi iko wazi mtandaoni, ila alama zake husogezwa makusudi kulinda faragha. Kitone kilicho juu ya mtaa wako si lazima kilitokea hapo, na supermaketi moja inaweza kuupaka mtaa mzima matope. Kwa shule, usiishie kwenye ripoti ya Ofsted, wakaguzi wa shule. Tafuta mahali halmashauri inapotangaza umbali wa mtoto wa mwisho aliyepokelewa mwaka jana, halafu pima kutoka mlangoni kwenu. Umbali huo hubadilika kila mwaka, na nyumba mpya 90 zikija hujikunja. Kodi ya halmashauri inatozwa kwa daraja linalotokana na thamani ya nyumba ya Aprili 1991, hata kama nyumba ilijengwa juzi (ndiyo, wanakisia ingekuwa na bei gani kabla haijazaliwa). Nyumba iliyopanuliwa daraja lake haliguswi mpaka iuzwe, kwa hiyo kodi anayolipa muuzaji leo inaweza isiwe yenu.

Kabla hamjabadilishana mikataba hakuna anayefungwa na neno lake, si nyinyi wala muuzaji. Muda huo utumie. Muuzaji hujaza fomu inayoitwa TA6, na humo anaulizwa kama anajua mipango yoyote ya kujenga jirani au kama amepokea barua yoyote kuihusu. Isome mwenyewe, usingoje muhtasari wa wakili. Na dalali mwandikie baruapepe umuulize lile alilokwambia kwa mdomo. Nimeona "hapo hawajengi kitu" ikigeuka kuwa "hatuna taarifa yoyote kwa sasa" mara tu ilipotakiwa iandikwe.

Geti nimeliweka mwishoni kwa sababu ndilo lililonishtua tangu mstari wa pili wa swali lako. Barabara yenu inaishia hapo vipi? Mitaa iliyokusudiwa kwisha kawaida huisha kwa duara la kugeuzia gari, au kichwa kama herufi T. Kama yenu inakwenda kwa upana wake wote, ina njia za miguu pande zote mbili na taa ya barabarani, halafu inakatwa ghafla na geti, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyeujenga mtaa aliiacha hivyo makusudi. Alikuwa anaacha mlango.

Hapo kuna mchezo wa zamani. Mjenzi aliyeondoka wakati mwingine hubakiza ukanda mwembamba wa ardhi kati ya mwisho wa lami na uzio, hata upana wa hatua moja, ili atakayetaka kupita kwenda shambani amlipe. Kwenye kesi ya Stokes dhidi ya Cambridge, mwaka 1961, mwenye njia ya kuingilia alihesabiwa theluthi ya ongezeko la thamani, na mpaka leo wanaojadiliana huanzia hapo. Kwako wewe ukanda kama huo ni breki: mradi unaweza kukwama miaka wakigombania bei. Nenda kwenye Msajili wa Ardhi, HM Land Registry, lipa pauni 7 upate hati ya shamba na 7 nyingine upate ramani yake. Tumia tovuti ya serikali yenyewe. Zimejaa nyingine zinazouza karatasi hizohizo kwa bei mara tatu. Hatini tazama kama kampuni yoyote ya ujenzi au ya kuendeleza ardhi imesajili haki ya kununua, maana mkataba wa aina hiyo mara nyingi huacha alama. Kwenye ramani fuata mstari mwekundu mpaka kwenye geti, uone kama unagusa barabara au kama katikati pamebaki unywele wa ardhi wenye namba ya hati ya mtu mwingine.